Quedar: Nililitafuta kwa Kiingereza, Nikalikuta Nyumbani

Mwanafunzi wangu mmoja, mwongoza wageni wa Mlima Kilimanjaro, alibaki darasani wenzake walipotoka. Nafundisha Kihispania jioni hapa Arusha, na wanafunzi wangu ni watu wa utalii: madereva wa safari, waongoza wageni wa mlima, dada wawili wa mapokezi. Alisubiri mlango ufungwe ndipo akaanza kunisimulia.

Usiku wa kileleni walitoka Kambi ya Barafu, mita 4,673, saa sita kamili. Yeye mbele, nyuma yake mama mmoja wa Kihispania wa miaka kama 60, pole pole, taa za kichwani, maji yakigandia ndani ya mpira wa kunywea. Alfajiri wakafika Stella Point, mita 5,756. Pale watu huketi, hunywa chai ya tangawizi, wengine hulia. Yule mama akavua glavu moja, akamshika mkono, akamuuliza: “¿Queda mucho?”

Mwanafunzi wangu alilijua neno quedar. Programu ya simu ilikuwa imemfundisha kwamba ni “to stay”, kukaa mahali. Akaelewa anaulizwa kama watakaa sana pale kwenye baridi. Akajibu kwa upole wake wote: “No, señora. Cinco minutos.” Kumbe mama alikuwa anauliza kama bado ni mbali, na jibu alilolisikia ni kwamba kilele kiko dakika tano mbele yake.

Kutoka Stella Point hadi Uhuru, mita 5,895, ni kupanda mita 139 tu, lakini kwa miguu iliyochoka na hewa ile nyepesi ni karibu saa nzima. Dakika ya ishirini yule mama alikaa chini kwenye changarawe, akalia, akamwambia amemdanganya. Kileleni walifika. Ila njia nzima ya kushuka hakumsemesha.

“Mwalimu,” akaniambia, “mimi mgeni sijawahi kumdanganya mlimani. Hata mara moja. Si quedar ni ‘to stay’?”

Nilimjibu kwamba ndiyo, na kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe. Usiku ule sikulala mapema. Nililijua jeraha lake, kwa sababu neno hilohilo lilinijeruhi mimi.

Nilifika Salamanca vuli ya mwaka 2018. Ni mji wa mawe ya rangi ya dhahabu, juu kwenye uwanda wa Castilla, kama mita 800 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake kwa mtu aliyekulia Tanga ni adhabu. Chuo kikuu chake ni cha mwaka 1218. Mjini humo ndimo mwanasarufi Antonio de Nebrija alimochapishia sarufi ya kwanza ya Kikastilia, yaani Kihispania, mwaka 1492. Kwa hiyo nilijiona nimekwenda kisimani kabisa. Kihispania nilikuwa nimeanza kujifunza Dar es Salaam, kwa vitabu vya Kiingereza, kwa kamusi ya Kihispania na Kiingereza, kwa mazoezi yaliyoandikwa kwa ajili ya Waingereza na Wamarekani. Nilipitia Kiingereza kwa kuwa ndiyo njia niliyoikuta imefunguliwa, na sikujiuliza kama ipo nyingine.

Katikati ya Salamanca kuna Plaza Mayor, uwanja wa mraba uliojengwa kati ya 1729 na 1755, umezungukwa na matao pande zote, na upande mmoja, juu ya jengo la manispaa, kuna saa kubwa. Watu wa mji ule wakitaka kukutana hukutana chini ya saa. Hakuna haja ya kueleza saa ipi. Mwenzangu mmoja wa darasani, kijana mpole, wiki yangu ya pili pale aliniuliza: “¿Quedamos mañana debajo del reloj?”

Nilifanya nilichofunzwa. Nikaligeuza neno kwa neno kwa Kiingereza kichwani. Quedar, “stay”. Quedamos, “we stay”. Kesho, chini ya saa. Nikadhani ananiuliza kama nimepanga maeneo yale ya uwanjani, karibu na ile saa. Nikamjibu kwa sentensi niliyoiona safi kisarufi, na kweli ilikuwa safi: “No, yo me quedo en casa de una señora, cerca del río.” Hapana, mimi nakaa kwa mama mmoja, karibu na mto.

Akasema “Ah, vale,” akaenda zake. Yeye alikuwa amenialika: tukutane kesho chini ya saa? Alichosikia ni kwamba sitaki, heri nibaki nyumbani kwa bibi kizee kuliko kutoka naye na wenzake. Ilipita zaidi ya miezi miwili bila mtu kuniita popote. Jumamosi jioni nilikuwa napita uwanjani nawaona wamesimama chini ya saa, wanacheka, nami najiuliza nimewakosea nini. Niliamini ni rangi yangu. Nimebeba dhana hiyo kifuani kwa wiki nyingi kwa sababu ya kitenzi kimoja, na nasema hivyo bila kukuza mambo.

Nilipokuja kugundua, nilifungua kamusi yangu na kuandika kila neno la Kiingereza lililowekwa mbele ya quedar. “Stay”, “remain”, “be left”, “keep”, “fit”, “suit”, “arrange to meet”, “agree”, “turn out”, “end up”, “be located”. Yalijaza safu nzima ya daftari. Nikayakariri kama mtoto wa shule anavyokariri mito mikuu ya Tanzania, bila kuona kinachoyaunganisha. Nguo kumtosha mtu kunahusianaje na hela kusalia mfukoni? Duka la dawa kuwa nyuma ya kanisa kunahusianaje na watu wawili kupanga kukutana? Kwa Kiingereza hayahusiani. Ni maneno kumi na moja, kila moja na mlango wake.

Mlango wangu ulifunguka kwenye duka la mkate.

Bibi mwenye nyumba alikuwa na zaidi ya miaka 75. Aliniita “hija”, mwanangu, tangu siku ya kwanza, na mimi moyoni nilimwita Bibi ingawa mdomoni nilimwita señora. Kila asubuhi alishika mfuko wa kitambaa wa mkate uliotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, akaupapasa, akauliza: “¿Queda pan?” Mkate umebaki? Kama haukubaki, nilitumwa. Siku moja foleni ilikuwa ndefu, na mbele yangu alisimama mzee mwenye fimbo. Msichana wa dukani alikuwa anamtafutia senti za kumrudishia, na mzee akampungia mkono: “Quédate con la vuelta, hija.”

Nikamsikia baba yangu. Namaanisha nilimsikia kabisa, kituo cha daladala Tanga, akimwambia konda: “Chenji kaa nayo.”

Kaa nayo! Hakuna anayeikalia chenji. Kukaa hapo hakuna kiti wala mkeka. Ni kitu kuishia mikononi mwa mtu na kutulia humo. Nilirudi nyumbani na mkate wa moto kifuani, na njia nzima nilikuwa nayageuza maneno ya kwetu ambayo sikuwahi kuyatazama. Gauni limekukaa. Mjomba anakaa Ngamiani. Kaa kimya. Maziwa haya hayakai mpaka kesho. Na Kihispania, hatua kwa hatua: el vestido te queda bien, quédate callado. Sikusema kila kukaa ni quedar. Mjomba wa Ngamiani kwa Kihispania atatumia vivir, na maziwa yatatumia kitenzi kingine. Lakini wazo la chini lilikuwa moja. Kitu kilikuwa katika mwendo, au katika mashaka, kisha kikatua. Hapo kilipotua ndipo quedar huanzia kazi.

Baadaye niliifuata asili yake. Quedar limetoka kwenye neno la Kilatini quietare, kutuliza, ambalo nalo linatokana na quietus, tulivu. Kihispania bado kina quieto, asiyejongea, na mtu huweza kunong’ona “quedo”, kwa sauti ya chini. Kiingereza nacho kina watoto wa quietus: “quiet”, “quit”, na “coy” la mtu mwenye haya. Lakini watoto hao walitawanyika, hakuna aliyerithi kazi ya quedar. Kwetu, ukimwambia mtoto anayerukaruka “hebu kaa!”, hutafuti aketi tu. Unataka atulie. Ile shina ya utulivu ambayo Kilatini kilimwachia quedar, kukaa kwetu kunayo bila kuambiwa na Mrumi yeyote.

Halafu kuna kubaki, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo penye utamu kuliko pote.

Mhispania hasemi “nina euro kumi zilizobaki”. Anasema “me quedan diez euros”. Anayetenda ni euro, ndiyo maana kitenzi kiko katika wingi, quedan. Mimi ni yule ambaye jambo linamfikia, me. Vitabu vya Kiingereza hutenga kurasa kuwashawishi wasomaji wao wakubali jambo hili, kwa sababu kwa Kiingereza “I have ten left” mwenye hela ndiye anayeshika usukani. Wanafunzi wanaopitia huko huandika “yo quedo diez euros”, na mimi niliandika hivyo, na nikawekewa mstari mwekundu mara nyingi. Lakini mama yangu sokoni husemaje? “Zimenibakia elfu kumi.” Zi- ni hela, ni- ni mimi, na ile -ia ya kubakia ndiyo inayoleta jambo mpaka kwangu. Zimenibakia; me quedan. Kiungo kwa kiungo. Na akitaka kujitanguliza mwenyewe ana njia nyingine: “nimebakiwa na elfu kumi.” Nilikuwa na sentensi hii tangu nina miaka mitatu. Nikaiweka kando, nikaenda kuiazima kwa mtu asiyekuwa nayo.

Ukishaliona hilo, mengine hujipanga. “Me he quedado sin batería” ni nimeishiwa chaji. “Me quedé con la boca abierta” ni nilibaki mdomo wazi, picha ileile, hata mdomo haukubadilika. “¿En qué quedamos?”, anayokuambia mtu uliyembadilishia kauli mara mbili, ni “sasa tushike lipi?” Na lile swali la Stella Point, “¿Queda mucho?”, kwa Kiswahili halihitaji kitenzi chochote. Ni “bado sana?” Jibu lake, “queda poco”, ni “bado kidogo”. Bado! Neno ambalo Kiingereza hulihangaikia kwa “still” na “yet” na “not yet”, na kila mtoto wa Kiswahili analitumia kabla hajavaa viatu. Laiti programu ile ya simu ingemfundisha mwanafunzi wangu kwamba queda ni bado, yule mama angejibiwa ukweli.

Sitaki kudanganya kwamba kila mahali njia imenyooka. Kuna “he quedado”, na hilo bado linanisumbua. Mhispania unamwomba mje mle naye Ijumaa, anakujibu maneno mawili tu: “He quedado.” Hamtaji mtu, hataji mahali, hasemi ni jambo gani. Kiingereza hulazimika kuongeza, “I’m meeting someone” au “I’ve got plans”. Kiswahili nacho huongeza: nina miadi, nimeahidiana na mtu. Darasani tumebishana sana. Dereva mmoja alipendekeza “nimeshajifunga”, nami nikalipenda, maana lina ile hali ya jambo lililokwishatua na huwezi kulitikisa. Lakini lina uzito ambao “he quedado” halina. Mhispania aliye-quedar anaweza kuwa anakwenda kunywa kahawa tu.

Matumizi ya mahali nayapitia haraka. “¿Dónde queda la farmacia?”, duka la dawa liko wapi, utalisikia zaidi kwa wageni wa Mexico, Colombia na Argentina; Mhispania wa Hispania mara nyingi husema “está”, ingawa “queda lejos”, ni mbali, analisema kila siku. Na watu wa Salamanca na maeneo yale ya magharibi wana lao la peke yao: husema “he quedado las llaves en casa”, nimeacha funguo nyumbani, wakilitumia quedar pale ambapo Wahispania wengine hutumia dejar. Walimu hulikosoa. Bibi alilisema mpaka mwisho, na mimi sikuwahi kumkosoa, maana ningeanzia wapi?

Kuna quedar bien na quedar mal. Hizi ndizo zilizonifanya niwapende watu wale. Quedar mal ni kubaki na sura mbaya machoni pa wenzako kwa jambo ulilofanya au ulilokosa kufanya. Siku moja jirani wa ghorofa ya tatu alinialika chakula cha mchana. Nilikuwa natoka mikono mitupu, Bibi akanizuia mlangoni. “¿Sin nada? Quedas fatal, hija.” Akanifungia nusu ya keki aliyooka jana yake, akaifunika kitambaa safi, akanishikisha. Kiingereza hutafsiri “make a bad impression”, na kila nikiisoma naona mtu aliyevaa suti anakwenda kwenye usaili wa kazi. Bibi hakuwa anasema hivyo. Alikuwa anasema kile mama yangu angesema: huendi kwa watu mikono mitupu, watatuonaje? Ile “tu” ya watatuonaje ndiyo ninayoitaka. Ningetoka mikono mitupu, aibu isingekuwa yangu peke yangu. Ingepanda ngazi na kushuka ngazi, ingeingia mlangoni kwake.

Na kuna quedarse ya kugeuka. Wanasarufi huiweka pamoja na ponerse, volverse na hacerse, vitenzi vya kubadilika, ambavyo Kiingereza huvifunika vyote kwa “become” na “get” na “go”. Quedarse mara nyingi huja na kupungukiwa. Quedarse ciego, kupofuka. Quedarse sordo, kuwa kiziwi. Quedarse huérfano, kubaki yatima. Si lazima iwe hivyo, maana kupata mimba nako husemwa quedarse embarazada, lakini mwelekeo ni huo: jambo limepita, limechukua kitu, na wewe ndiye uliyesalia namna hii. Bibi alinieleza maisha yake mezani, tukimenya maharage mabichi, kwa sentensi moja: “Me quedé viuda a los cuarenta y nueve, y aquí me quedé.” Nilibaki mjane nina miaka 49, na hapa nikabaki. Quedar mara mbili. Kiingereza kingenitaka niseme “I was widowed” kisha “I stayed”, na uzi ungekatika katikati. Kiswahili kiliubeba uzi mzima bila kuudondosha.

Tarehe 14 Machi 2020 serikali ya Hispania ilitangaza hali ya hatari kwa ajili ya korona, na quedar likawa agizo la taifa. “Quédate en casa.” Kaa nyumbani. Lilikuwa kwenye televisheni, kwenye vioo vya maduka yaliyofungwa, kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye lifti yetu. Bibi na mimi tulikaa ndani wiki kwa wiki. Kila siku saa mbili usiku tulifungua dirisha la barazani na kupiga makofi kwa ajili ya wauguzi na madaktari, na yule jirani wa ghorofa ya tatu alitupungia kitambaa. Vuli ya mwaka huohuo ikaja toque de queda, marufuku ya kutoka usiku. Queda hapo ni lilelile la utulivu: zamani ilikuwa saa ya usiku iliyotangazwa kwa kengele ili kila mtu aingie ndani. Mkoani kwetu Castilla y León ilianza saa nne usiku, na Januari 2021 mamlaka za mkoa zikairudisha nyuma hadi saa mbili usiku, mpaka Mahakama ya Juu ya Hispania ilipoisimamisha mwezi uliofuata. Bibi alisema kengele za utoto wake nazo zilikuwa zikilia usiku, na kwamba hakutegemea kuzeeka arudi kufungiwa. Simu ya mama yangu ilipopigwa kutoka Tanga akaniuliza nafanya nini, nilimwambia nimekaa tu na Bibi. Alielewa yote.

Nilirudi Tanzania baadaye mwaka huo. Bibi alifariki miaka miwili baadaye, na binti yake alinipigia. Alisema: “Se quedó como un pajarito.” Alikaa kama kindege. Ndivyo wasemavyo kwa mtu aliyekufa kwa upole, usingizini, bila kuhangaika. Nilikuwa jikoni kwa mama. Aliniona nimeshika ukuta, akaniuliza nini. Nikafungua mdomo kutafsiri, nikakwama.

Kwetu anayekufa huondoka. Ametutoka. Ametangulia. Ametuacha. Wanaobaki ni sisi wafiwa. Kihispania nacho kina maneno ya kuondoka, lakini kwenye msemo huu anayekufa ndiye anayebaki: alikuwa anapumua, akakaa hivyo. Kamusi ya Kiingereza ingenipa “she passed away peacefully”, ambayo nayo ni safari. Nilitaka mama aione ile picha, ndege mdogo ametulia kiganjani. Nikamwambia: “Amelala tu, Mama. Kama kindege.” Mama akajifunga khanga upya, akasema, “Alhamdulillahi, amepumzika,” na nikajua neno limefika. Quietus. Limezunguka dunia nzima likatua kwenye kupumzika.

Binti yake aliniuliza: “¿Con qué te quieres quedar?” Ungependa ubaki na nini cha mama? Nikaomba ule mfuko wa mkate. Ulikuja kwa posta ukiwa umekunjwa mara nne, na harufu ya kabati. Naweka humo kalamu za ubao na daftari la mahudhurio. Wanafunzi wangu wanaujua.

Sasa siwafundishi quedar kwa Kiingereza. Siku ya kwanza nachora ubaoni safu mbili tu, kukaa na kubaki, pembeni naandika bado, na nawaambia walete sentensi za nyumbani kwao. Wanacheka, wanashindana, Mchaga anasema hili, Mmasai anasema lile, na baada ya nusu saa ubao umejaa. Kihispania na Kiswahili vyote ni lugha rasmi za Umoja wa Afrika, na Waafrika wenzetu wa Guinea ya Ikweta wanasoma shule kwa Kihispania, kwa hiyo sioni kwa nini lugha hizi mbili zihitaji mkalimani kutoka London kila zikitaka kusalimiana. Kiingereza nakiheshimu. Kimenisomesha. Lakini mwenye shamba la mahindi hapiti kwa jirani kuomba unga.

Kipindi kilichofuata yule mwanafunzi wa Stella Point hakubaki nyuma. Aliuliza mbele ya wote. Alikuwa na daftari dogo lenye maji ya mvua kwenye pembe, lenye urefu wa kila kambi, na chini yake sentensi za Kihispania alizonakili kwa herufi kubwa. “Queda poco” alikuwa ameshaiandika, na mbele yake, “bado kidogo”. Lakini alitaka nyingine.

“Kuna mgeni anachoka kabisa,” alisema. “Midomo imekuwa ya bluu, anapaswa kushuka, lakini hataki. Kwake anaona aibu. Amewaambia watu wote kazini kwake kwamba atafika. Nimwambieje, kwa Kihispania, kwamba kushuka si aibu?”

Darasa likanyamaza. Wote wamewahi kusimama hapo, gizani, na mtu wa namna hiyo. Dada mmoja wa mapokezi akajaribu na vergüenza, aibu yenyewe, na nikasema ni sahihi, lakini hilo linamwelekezea mtu kidole. Tukatafuta. Mwishowe niliandika ubaoni: “Nadie queda mal por bajar.” Hakuna anayebaki na sura mbaya kwa kushuka.

Akaiandika. Akaisoma kwa sauti mara tatu. Kisha akaniangalia.

“Na nikitaka kumwambia kwamba wenzake wakiendelea na kiongozi mwingine, mimi sitamwacha?”

“Yo me quedo con usted.”

“Nakaa nawe.”

“Ndiyo.”

“Nabaki nawe.”

“Ndiyo. Yote mawili.”

Aliinamisha kichwa, akaiandika chini ya Barafu, mita 4,673, akaipigia mstari.